Mwanafunzi wa Afya Aondoke Nyumbani na Swali

Kila mwaka vyuo vya Ulaya na Marekani hutuma wanafunzi wa udaktari, uuguzi na afya ya umma katika nchi za mbali kwa wiki mbili, nne au nane, wakalinganishe jinsi watu wa huko wanavyotibiwa na jinsi matibabu hayo yanavyolipiwa. Baadhi yao hufika Meru na kaunti jirani ya Tharaka-Nithi, hasa katika hospitali za misheni ambazo uhusiano wake na ng'ambo umedumu kiasi cha karne moja: Chogoria, alikoanza kazi Dkt. Archibald Irvine wa misheni ya Kanisa la Scotland mwaka 1922, na Maua ya Wamethodisti, katika vilima vya Nyambene. Wanaotoka kwetu kwenda kwao ni wachache, na wengi wao wanapopata nafasi hupelekwa mahali ambapo mfadhili ana marafiki. Swali la wanachokwenda kujifunza huja baadaye, au haliji kabisa. Hapo ndipo safari hizi zinapoharibika. Safari fupi haiwezi kumfundisha mtu mfumo mzima wa afya wa nchi ya wenyewe. Inachoweza ni kumpa jibu la swali moja, mradi awe ameondoka nalo nyumbani. Nadai kwamba swali hilo lazima litoke kwa wagonjwa wa kwao, na kwamba ni lenyewe litakaloamua aende wapi.

Tuchukue Muthara. Ni mji wa soko katika Tigania Mashariki, na watu wake wengi ni wakulima na wachuuzi. Si mbali na hapo, huko Nchiru, kipo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, na kule Kaaga, mjini Meru, kipo Chuo Kikuu cha Methodisti cha Kenya kinachofundisha udaktari, uuguzi na usimamizi wa huduma za afya. Mwanafunzi wa vyuo hivi hahitaji pasipoti ili aanze kulinganisha. Amfuate mama mjamzito mmoja tu kutoka Muthara, kuanzia siku anayopewa kijitabu cha afya ya mama na mtoto katika zahanati ya kijijini. Katika ngazi za Kenya zahanati hiyo ni Level 2, kituo cha afya ni Level 3, hospitali ya kaunti ndogo ni Level 4, na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Meru ni Level 5. Mama huyu akijisajili na SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii, kwa kubonyeza *147# kwenye simu, huduma za kawaida za zahanati na kituo cha afya zitalipwa na Mfuko wa Afya ya Msingi. Lakini uchungu ukija vibaya na muuguzi akamwandikia rufaa ya kwenda Level 4 kwa upasuaji, anaingia katika mfuko mwingine, Mfuko wa Bima ya Afya ya Jamii, unaotaka mchango uwe umelipwa. Kwa asiye na mwajiri, huo ni mchango wa mwaka mzima. Machoni pa mama hii ni safari moja ya bodaboda. Kwa mfumo, amevuka mpaka kati ya kapu lililo wazi kwa kila aliyesajiliwa na kapu lililofungwa kwa asiyelipa.

Mwanafunzi aliyeuona mpaka huo kwa macho yake amekwisha pata swali la kusafiri nalo: nchi inamkusanyiaje bima mtu asiye na hati ya mshahara? Kwa Kenya hili ndilo swali kuu, kwa sababu zaidi ya wafanyakazi wanane katika kila kumi wamo katika sekta isiyo rasmi. NHIF, mfuko wa bima ya afya uliotangulia SHA, ilianzishwa mwaka 1966 na ikakaa zaidi ya nusu karne, lakini nguvu yake ilitoka kwa waajiriwa waliokatwa mshahara. Mkulima na mchuuzi walitakiwa walipe shilingi 500 kwa mwezi kwa hiari, na wengi walilipa walipougua au mke alipokaribia kujifungua, kisha wakaacha. SHA iliyoirithi tarehe 1 Oktoba 2024 ilikuja na njia nyingine. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote. Asiyeajiriwa huulizwa maswali kuhusu nyumba na mali zake, kompyuta inakadiria uwezo wake, naye analipa kwa mwaka kiasi kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi. Shilingi 3,600 kwa mkupuo si neno la mzaha kwa familia ya Igembe au Tigania inayoishi kwa miraa, zao ambalo bei yake hufuata mvua na siasa za nje. Uingereza ilipiga marufuku miraa mwaka 2014, na Somalia ilifunga soko lake tangu 2020 hadi Julai 2022. Mtu wa namna hiyo anaweza kuwa na pesa Aprili na akose Agosti, ilhali paa lake la mabati linaiambia kompyuta jambo lile lile miezi yote kumi na miwili. Serikali yenyewe ililiona tatizo, ndiyo maana mwaka 2025 ilianzisha Lipa SHA Pole Pole, mkopo wa kumwezesha mtu kulipa mchango kidogo kidogo.

Mwanafunzi akiwa na swali hilo mkononi, ramani ya dunia inajipanga upya. Vitabu vingi vya mifumo ya afya huanzia Ujerumani, kwa sheria ya bima ya ugonjwa ya Bismarck ya mwaka 1883, na safari nyingi za masomo hupitia huko kwa sababu hiyo. Anayekwenda kutazama tu atarudi akisifia hospitali safi na kadi ya bima inayosomwa na mashine. Anayekwenda na swali la Muthara atauliza jambo ambalo wenyeji hawalitaji mpaka waulizwe: mkulima mwenye shamba lake mwenyewe aliingia lini? Jibu ni mwaka 1972, ilipotungwa sheria maalumu ya bima ya afya ya wakulima. Ujerumani ilihitaji karibu miaka 90 kufika kwa mtu huyo, na ilifika ikiwa nchi tajiri ambako wakulima walikuwa wamebaki wachache. Mtu akilijua hilo, hatasimama tena kwenye semina na kusema Kenya ifuate mfano wa Ujerumani bila kutaja ni Ujerumani ya mwaka gani.

Jibu la karibu zaidi liko Rwanda. Bima yao ya kijamii ilijaribiwa katika wilaya chache mwaka 1999, ikaenezwa nchi nzima katikati ya miaka ya 2000, na kwa miaka mingi imewafikia takriban watu tisa katika kila kumi, wengi wao wakulima wadogo. Tangu 2011 mchango uligawanywa kwa makundi ya ubudehe, yaani ngazi za uwezo wa kila familia: faranga 2,000 kwa mtu wa kundi la chini, ambazo hakuzilipa mwenyewe, 3,000 kwa kundi la kati, na 7,000 kwa kundi la juu. Mgonjwa alilipa faranga 200 kwenye kituo cha afya na asilimia kumi ya gharama hospitalini. Kilichoamua kundi la familia ni kikao cha wanakijiji wenyewe, wanaojua nani ameuza ng'ombe na nani amefiwa na mlezi. Hapo pana tofauti ambayo mwanafunzi wa Meru anaweza kuifuatilia kwa siku kumi na nne bila kujidanganya: kazi ambayo Kenya imeipa kompyuta, Rwanda iliupa mkutano wa hadhara. Kila njia ina hila zake. Mkutano unaweza kumwonea mtu asiyependwa, au kumpunguzia jamaa ya mkubwa, na Rwanda baadaye ilianza kuyaacha makundi hayo. Kompyuta haimjui mtu na haina chuki, lakini haioni kwamba miraa imeoza gunia kwa gunia kwa kukosa ndege.

Wapo watakaosema Rwanda haifai kulinganishwa na sisi, kwa kuwa ni nchi ndogo yenye dola inayosikika hadi jikoni mwa mtu. Ni kweli, na ndiyo sababu ya kwenda. Meya wa wilaya huko hutia saini imihigo, ahadi za kazi mbele ya Rais, na idadi ya watu waliolipa bima imekuwa mojawapo ya ahadi hizo. Ziko lawama kwamba shinikizo wakati mwingine lilipita kiasi, na mwanafunzi mwadilifu ataziandika pia. Lakini akirudi nyumbani atauliza jambo ambalo halimo katika mihadhara: wakazi wa Muthara wasipochangia, ni nani anayeulizwa? Hospitali ni za kaunti tangu ugatuzi wa 2013, bima ni ya mamlaka ya kitaifa iliyoko Nairobi, chifu yuko chini ya wizara nyingine, na wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, waliokabidhiwa mikoba ya vifaa Septemba 2023, hulipwa nusu na serikali kuu na nusu na kaunti. Kila mmoja ana kipande, na hakuna anayepoteza chochote kipande cha mwenzake kikikosekana. Mwanafunzi amekwenda kuuliza habari za bima, akarudi na jambo la utawala. Ulinganishi mzuri hufanya hivyo: nchi ngeni inakuonyesha sehemu ya nchi yako uliyokuwa umeizoea hata huioni.

Thailand ilijibu swali lile lile kwa njia ya tatu, na inastahili kutajwa hata kama nauli ya kufika Bangkok ni mzigo. Kabla ya 2001 iliwauzia wanavijiji kadi ya bima ya hiari kwa baht 500 kwa familia, ikaona yale yale yaliyoipata NHIF, wagonjwa wakinunua na wazima wakisubiri. Ikakata shauri kwamba mtu asiye na mshahara hatafuatwa akidaiwa mchango. Matibabu yake yatalipwa na kodi, naye atoe baht 30 tu kila anapofika hospitalini. Kwa mwanafunzi wa Meru lililo muhimu zaidi ni kwamba jibu linalokaribiana na hili lilijaribiwa jirani kabisa. Desemba 2018 Isiolo, pamoja na Kisumu, Machakos na Nyeri, iliingia katika majaribio ya afya kwa wote, ambapo ada ziliondolewa katika hospitali za umma za kaunti na serikali kuu ikafidia. Watu walifurika, dawa na wauguzi hawakuongezeka kwa kasi ile ile, na majaribio yakaisha bila njia hiyo kuenezwa nchi nzima. Kutoka Muthara hadi Isiolo ni safari ya matatu ya asubuhi moja. Daftari za hospitali za miezi ile, kadi za stoo za dawa na wauguzi waliokuwa zamu huenda bado wapo. Chuo kinachopanga kumpeleka mwanafunzi Ulaya kabla hajafika Isiolo kimeruka darasa.

Pingamizi linalorudiwa mara nyingi ni la muda. Watu huuliza, kwa haki kabisa, mtu atajua nini kwa wiki mbili, na lugha hajui, na wenyeji wanamwonyesha vyumba vilivyopakwa rangi jana. Akienda kuujua mfumo, hatajua kitu, na ripoti yake itajaa yale aliyoambiwa na mkurugenzi. Lakini wiki mbili zinatosha kufuata rufaa moja tangu zahanati hadi chumba cha upasuaji, au kufuata shilingi moja tangu mfuko wa mwananchi hadi akaunti ya kituo. Zinatosha kukaa dirishani kwa karani wa malipo na kuhesabu wangapi wamerudishwa na kwa sababu gani. Muda mfupi ni udhaifu kwa anayetaka kujua kila kitu. Aliyekubali kujua kimoja unamtosha. Ugumu uko kwenye wiki zinazotangulia, ambapo mwanafunzi anatakiwa awe amekwisha kaa kwenye dirisha kama hilo kwao. Safari nyingi hufeli hapo, kwa sababu bajeti ina fedha za tiketi na hoteli na haina shilingi ya nauli ya kwenda Muthara.

Wengine husema mwanafunzi wa nchi maskini aende akaone teknolojia, India au Uturuki au Marekani, kwa kuwa mashine ndizo hatuna. Kuna wakati hoja hii ina uzito: daktari bingwa wa moyo atajifunza palipo na chumba cha upasuaji wa moyo. Ila hayo ni mafunzo ya ufundi, yanahitaji miezi na miaka, na yasichanganywe na ulinganishi wa mifumo. Marekani ina mashine nyingi na hutumia karibu asilimia 18 ya pato lake la taifa kwa afya, na bado ina mamilioni ya watu wasio na bima. Mwanafunzi wa Meru akijiuliza inawezekanaje hivyo, atakuwa amejifunza kitu cha kumfaa. Akipiga picha mashine, hakuna atakachorudi nacho kaunti.

Kenya kama taifa iliwahi kufanya safari kubwa ya namna hii, na inafaa kuitazama bila ukali wala upendeleo. Mwaka 2018 madaktari 100 wa Cuba waliletwa wakagawanywa katika kaunti, na madaktari 50 wa Kenya wakapelekwa Cuba kusomea tiba ya familia. Cuba ilikuwa na jibu halisi la swali halisi. Tangu 1984 imejenga utaratibu wa daktari na muuguzi wanaokaa mtaani na kuzijua kaya zao kabla mtu hajaugua. Lakini mjadala wa hapa ulitawaliwa na mishahara, usalama na madaktari wa Kenya waliokosa kazi, na mpango ukasitishwa mwaka 2023 bila utaratibu ule wa mtaani kuletwa. Tulibadilishana watu, hatukuuliza utaratibu wao unasimama juu ya nini. Tena tiba ya familia haikuwa ngeni kwetu: Chuo Kikuu cha Moi kilianza kuifundisha mwaka 2005, na Chogoria leo ni mojawapo ya hospitali wanakofunzwa madaktari wa familia wa Chuo Kikuu cha Kabarak.

Chogoria inanifikisha kwa wageni wanaokuja. Mwanafunzi kutoka Edinburgh au Indiana akitembezwa wodini, akaonyeshwa vitanda vinavyokaliwa na wagonjwa wawili wawili, ataondoka na huruma na picha, na muuguzi aliyemtembeza atakuwa amepoteza asubuhi yake. Aonyeshwe kile ambacho hospitali hiyo iliujulisha ulimwengu. Mwaka 1985 utafiti ulikuta asilimia 43 ya wanawake walioolewa katika eneo la Chogoria wanatumia uzazi wa mpango, wakati kiwango cha taifa mwaka mmoja kabla kilikuwa asilimia 17. Hospitali ilikuwa imefungua vituo vidogo vijijini na kuwafunza watu wa kujitolea waliokwenda nyumba kwa nyumba, katika eneo lenye kahawa, chai na shule. Huo ulikuwa mfumo, uliobuniwa kwenye mteremko wa Mlima Kenya, na mgeni ana mengi ya kuuliza juu yake. Eldoret nako pana mfano wa ushirikiano uliodumu: Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana vimekuwa vikipokezana wanafunzi kwa zaidi ya miaka 30, na kijana wa Kenya naye hupata wiki zake katika wodi za Indianapolis. Pasipo kurudishiana hivyo, mgeni anayekuja ni mtazamaji, na mgonjwa wa Meru ndiye anayelipa kiingilio kwa mwili wake. Mwanafunzi wa kigeni asiguse mgonjwa kwa kazi asiyoruhusiwa kuifanya kwao, na chuo kinachomtuma kilipie muda wa wanaomfundisha.

Limebaki pingamizi la gharama, na lile la vijana kutorokea ng'ambo. La gharama linapungua sana safari ikiwa ya Afrika Mashariki. Tangu 2014 Mkenya huvuka kwenda Uganda na Rwanda kwa kitambulisho chake cha taifa, basi la Nairobi hadi Kigali lipo, na Kampala ina somo la pekee, maana Uganda ilifuta ada katika vituo vya serikali Machi 2001. Arusha na Moshi ziko karibu zaidi, na Tanzania imetunga sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023, mwaka ule ule na sheria yetu iliyounda SHA, hivyo wanafunzi wa nchi mbili wanaweza kufuatana hatua kwa hatua, tena kwa lugha moja bila mkalimani. Kuhusu kutoroka, naelewa hofu ya kaunti inayosomesha muuguzi akaishia Leeds, hasa baada ya Kenya na Uingereza kutia saini makubaliano ya wahudumu wa afya Julai 2021. Lakini wanaoondoka hawasukumwi na wiki mbili za masomo. Madaktari waligoma siku 100 mwaka 2016 na 2017, wakagoma tena siku 56 mwaka 2024, na mwaka huo huo madaktari wa mazoezi waliambiwa walipwe shilingi 70,000 badala ya 206,000 zilizokubaliwa 2017. Ukitaka kujua kwa nini kijana anatafuta viza, anzia hapo. Safari ya Kigali au Moshi haimfungulii kijana mlango wa ajira Ulaya, na anaporudi anakuwa na jambo la kufanyia kazi hapa.

Vyuo vya Nchiru, Kaaga, Embu na Chuka vina uwezo wa kuanza mwaka huu bila kumsubiri mfadhili. Kila mwanafunzi anayeomba safari atumwe kwanza wiki moja katika zahanati na hospitali ya kaunti ndogo, aandike swali lake katika ukurasa mmoja, na kamati ichague nchi kwa kusoma ukurasa huo. Akirudi, ripoti yake isomwe Muthara, mbele ya muuguzi msimamizi, kamati ya kituo, wahamasishaji wa afya na afisa wa SHA wa kaunti, kwa Kiswahili au Kimeru, kabla haijapelekwa kwa mhadhiri kupewa alama.